Breki za Mama Mkwe

Taa nyekundu iliwaka kwanza, kisha king'ora kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi kikaanza kulia, na Fundi akajua kabla ya mtu mwingine yeyote garini kwamba mambo yameharibika.

"Shemeji, usipampu," alisema. "Kanyaga mara moja, ushikilie."

Masikio ya Sajini yalisikia, mguu ukakataa. Mvua ilikuwa imewaandama tangu walipokiacha kituo cha juu, barabara ya mlimani ilikuwa imegeuka uji, na pale mbele kona inapojikunja mawe yalikuwa yakiporomoka kutoka kwenye genge kama viazi vinavyomwagwa guniani. Mguu wa Sajini ulipiga pedeli, ukaachia, ukapiga, ukaachia. Hivyo ndivyo alivyokuwa akilisimamisha lori hili tangu hajaota mvi, na mwili una ukaidi wake, hauachi kazi uliyoizoea kwa sababu tu mtu ameelezwa jambo jipya.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi, zito, la zamani, na askari walilibatiza Mama Mkwe kwa kuwa halibishiwi. Breki zake za awali zilikuwa za mafuta, paipu moja kwa magurudumu yote, na zikichoka dereva huzipampu mpaka zipande. Fundi alikuwa amezing'oa zote. Alifunga breki mpya za mafuta zenye njia mbili, za mbele na paipu yake na za nyuma na yake, akaweka na mtungi wa hewa wa kuupa mguu nguvu. Halafu kwenye ekseli ya mwisho akafunga breki za dharura, springi mbili nene, moja kila upande, ambazo kazi yake ni kubana magurudumu. Kinachozizuia zisibane ni ile hewa. Hewa ikiisha, zinauma zenyewe bila kumwomba dereva ruhusa, na kila pigo la pedeli linakula hewa. Haya yote alimweleza Sajini karakanani, hatua kwa hatua, naye akaitika kwamba ameelewa, yeye si mtoto.

Sasa hewa ikaisha, na springi zikauma.

Magurudumu ya nyuma yalikwama ghafla huku lori likiwa bado lina mwendo. Mkia ukateleza kuelekea korongoni, pua ikageukia mlimani, na kufumba na kufumbua wakawa wanakwenda upande upande kama kaa. Sajini alipigana na usukani. Jiwe moja lenye ukubwa wa jiko likashuka, likapiga mlango wake, likaubonyeza ndani kama bati la kopo. Fundi alisikia mlio wa chuma, kisha sauti nyingine nyembamba iliyotoka kooni kwa Sajini, kisha lori likagonga kitu na kusimama.

Injini ilikuwa imezimika, mvua inapiga paa, na kutoka nyuma yao ukaja mngurumo mrefu, mlima unashuka kufunika barabara waliyotoka kuipita. Katikati ya kiti, Mpishi wa kituo cha juu, pande la mtu aliyeomba lifti ili aende likizo, alikuwa ameukumbatia mfuko wake wa nguo huku midomo ikimcheza.

"Mguu," alisema Sajini. "Sijui kama ninao."

Alikuwa nao, ila ulivunjika chini ya goti, mfupa umetoboa suruali, na damu ilikuwa ikijaa buti. Fundi alivua mkanda wake akaufunga juu ya goti, akaukaza kwa mpini wa spana mpaka damu ikapungua. Lakini moyoni alikuwa na hasira. Alimwambia mtu huyu. Alimwambia mara ngapi? Angeweza kumzaba kibao palepale, na alijua kwamba akifungua mdomo atasema maneno yasiyofutika, kwa hiyo akaufumba.

Yeye hakuwa askari. Alikuwa fundi wa kuajiriwa, na alikuwa garini kwa sababu ya desturi ya karakana, ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyewahi kuikwepa: aliyefunga breki ndiye anayepanda safari ya kwanza. Lori hupakiwa magunia ya mchanga mpaka juu, linapandishwa mlimani na kuteremshwa, naye amekaa humo. Lakini asubuhi hiyo palikuwa na zaidi ya desturi. Dada yake, mke wa Sajini, alikuja mpaka getini na kanga mabegani, akamshika mkono, akamwambia, "Gari ni la serikali. Mume ni wangu. Nirudishie." Dada hakuwa mtu wa kuongea mengi, na Fundi alicheka wakati ule. Sasa hakuona cha kucheka.

Alishuka kwa mlango wa abiria kwenda kutazama. Kona ya pua ya lori ilikuwa imeegemea jabali la upande wa mlima, mbele ikabaki nafasi ya kupita. Gurudumu la nyuma la upande wa korongo lilikuwa nusu juu ya ardhi na nusu hewani, na chini yake udongo ulikuwa ukimeguka taratibu, donge baada ya donge, ukitumbukia kwenye maji mekundu yaliyokuwa yakinguruma huko chini. Kama springi zisingebana, wangekuwa huko chini tayari. Kama Sajini asingepampu, wangesimama vizuri kabla ya kona. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililowasaidia.

Redio haikushika kitu katika korongo lile. Mpishi akatumwa aende mbele kwa miguu akaangalie njia. Alirudi amelowa chepechepe, anahema.

"Kijito cha pale chini kimefurika," alisema. "Kinakata barabara. Mtu hapiti, atabebwa. Gari zito labda."

"Na kabla ya kijito?" aliuliza Fundi.

"Mteremko mtupu. Halafu kijito, halafu mteremko tena mpaka daraja la kambi."

Sajini aliomba maji. Fundi alimpa kifuniko kimoja cha chupa, kisha kingine, akamkataza cha tatu mpaka aone kama atatapika. Uso wake ulikuwa umepauka, na vidole vya mguu ule, Fundi alipomvua buti, vilikuwa baridi. Alilegeza mkanda kidogo, damu ikaja, akaukaza tena. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mguu uliofungwa hivyo hausubiri watu wa kuokoa wafukue mlima, na ukingo nao hausubiri.

Akakata shauri kulishusha lori.

Kwanza alijaribu kurudisha hewa. Mpira unaotoka kwenye kompresa, inayojaza mtungi wa hewa, ulikuwa umechanwa na jiwe, naye akauzungushia vipande vya tyubu na waya, akawasha injini. Sindano ya kipimo ilianza kupanda, ikapanda, na Mpishi akaanza kutabasamu, kisha mpira ukapasuka kwa mlipuko na sindano ikalala. Alirudia. Ukapasuka pabaya zaidi, na tyubu ikaisha. Basi, hewa hakuna tena.

Paipu ya breki za mbele nayo ilikuwa imekatika na mafuta yanavuja. Aliikunja kwa koleo, akaigonga bapa kwa nyundo ili yasiendelee kumwagika. Zikabaki breki za nyuma peke yake, tena bila hewa ya kusaidia mguu. Na hata hizo hazina maana huku springi zimeng'ang'ania magurudumu. Kila springi ilikuwa na bolti yake ndefu kwa nyuma, ambayo ukiikaza kwa mkono inairudisha springi ndani ya kopo lake, na gurudumu linakuwa huru. Bolti mbili. Moja upande wa mlima, moja upande wa korongo.

Mpishi alishusha magunia ya mchanga mgongoni, moja baada ya jingine, anatukana kila gunia kwa jina lake. Mengine aliyasukumiza korongoni kupunguza uzito. Mengine aliyapanga mbele ya magurudumu, akayashindilia kwa mawe, yawe kabari. Kwa mtu aliyekuwa anaenda likizo alifanya kazi ya watu wanne, na alisema hivyo.

Bolti ya upande wa mlima haikuwa na shida. Spana ilizunguka, springi ikarudi, kazi ikaisha. Ya pili ilimkabili Fundi kama deni. Ilibidi alale kifudifudi chini ya lori, kifua kikiwa juu ya ukingo unaomeguka, mikono imenyooshwa kupita juu ya pengo. Mpishi alimfunga kamba kiunoni, akajizungushia ncha nyingine mwilini, akakaa chini na kukita visigino.

"Ukisikia linasogea, nivute," Fundi alisema. "Usiniulize."

"Sikuulizi."

Alipiga moyo konde akaingia. Maji ya matope yalimtiririkia shingoni. Spana ilishika, ikageuka robo, ikateleza, akaishika upya. Robo nyingine. Mkono mmoja tu ndio uliofika, na viganja vilikuwa tayari vimechubuka kwa kazi ya mpira na paipu. Robo. Donge la udongo likatoka chini ya kiwiko chake, akalisikia likienda, hakulisikia likifika. Alikuwa anaogopa kupita alivyowahi kuogopa maishani, na wakati uleule alikuwa anamwona dada yake getini, na akaendelea kuzungusha kwa sababu kuzungusha kulikuwa rahisi kuliko kufikiria kumkabili dada huyo mikono mitupu.

Springi ilipokaribia kurudi yote, lori liliguna. Uzito wote ukahamia kwenye magunia, moja likapasuka, na gurudumu likasogea upana wa kiganja. Kamba ikamkata kiunoni. Mpishi alikuwa amemvuta bila kuuliza. Fundi akapiga kelele amwachie kidogo, akanyoosha mkono, akamalizia mzunguko wa mwisho kwa ncha za vidole.

Alipotoka chini ya lori alikaa matopeni. Mpishi naye alikaa. Alisema kwamba siku akirudi kazini hataki kumsikia mtu akilalamika kuwa jikoni kuna joto.

Walimlaza Sajini kwenye kiti upande wa abiria, mguu juu ya gunia. Mpishi alikaa katikati, kazi yake ikiwa kuishikilia gia kwa mikono miwili, maana gia ya kwanza ya Mama Mkwe ilikuwa na tabia ya kuruka ikilemewa. Fundi akakaa kwenye usukani, mlango uliobonyea unamgusa bega. Alikuwa amewahi kuliendesha lori hili uani tu, kutoka shimo la ukaguzi mpaka ukutani.

Alikanyaga pedeli kujaribu. Ilikuwa ngumu mwanzoni, kisha ikazama mpaka chini, laini kama mkate ndani ya chai. Hewa ilikuwa imeingia kwenye mafuta.

"Imezama?" aliuliza Sajini, amefumba macho.

"Imezama yote."

"Basi sasa ni breki ninayoijua." Alifungua macho. "Nisikilize mimi, shemeji. Piga mara mbili za haraka. Ya tatu ukute imepanda, hapo ushikilie. Ikianza kukukimbia, achia yote, anza upya. Usiionee huruma."

Fundi alimtazama. Ile hasira ilikuwa bado moyoni, lakini hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumwambia neno hilo kwa wakati huo, na alilijua. Akapiga mara mbili. Ya tatu, kweli, pedeli ikasimama chini ya mguu wake, ngumu, hai.

Waliondoka kwa injini, gia ya kwanza, wakayapanda magunia ya kabari na kuyashuka. Nyuma yao ukingo uliokuwa umebeba gurudumu ulimeguka wote. Mpishi aliuona kwenye kioo, akaikaza mikono kwenye gia.

Mteremko wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Injini ilishika uzito, Fundi akapiga, akashikilia, akaachia, na Sajini akihesabu kwa sauti ndogo, "Piga, piga, shika. Achia. Piga, piga, shika." Kwenye kijito maji yalifika juu ya magurudumu, yakalisukuma lori pembeni, yakatafuta njia ya kulibeba. Sajini alimwambia asiguse breki wala asiongeze moto, aliache litambae. Likatambaa. Ng'ambo ya pili Mpishi alitoa pumzi aliyokuwa ameibana tangu ng'ambo ya kwanza.

Mteremko wa pili ulikuwa mrefu. Chini kabisa walianza kuliona daraja la kambi, na kando yake marundo ya changarawe za watengeneza barabara. Breki zilizoloweshwa na kijito zilianza kuteleza. Fundi alipiga, akapata nusu. Akapiga, akapata robo. Uzito ukaongezeka kwenye gia, Mpishi akajipinda juu yake, mishipa ya shingo imemsimama, na kwenye kishimo kimoja tu gia ikaruka mikononi mwake. Injini ikalia bure. Lori, likiwa halishikwi na kitu, likaanza kukimbia.

"Imeruka," alisema Mpishi. "Imeruka, hairudi."

"Iache," alisema Sajini. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko, jasho jembamba linamtoka. "Shemeji, mguu wako. Piga haraka. Zinakauka zikipigwa. Haraka zaidi. Usiangalie daraja."

Fundi alipiga. Paja lilimwaka moto, goti likagonga usukani, akapiga tena. Kona ikaja, akaizungusha kwa mwili mzima, magurudumu ya ndani yakanyanyuka yakarudi. Akapiga. Harufu ya breki zinazoungua ikajaa garini, na hapo akahisi chini ya mguu kitu kinauma, kidogo, halafu zaidi. Mwendo ukapungua kutoka wa kufa mpaka wa kutisha. Haikutosha kusimama kabla ya daraja, na daraja lilikuwa na kizuizi cha chuma na askari wawili waliokuwa wameanza kukimbia.

"Changarawe," alisema Sajini.

Fundi alikuwa ameshaziona. Aligeuza usukani akalipeleka lori kwenye rundo kubwa, pua ikazama, kokoto zikaruka juu ya kioo cha mbele, Mpishi akagonga dashibodi, Sajini akalia kwa maumivu. Mama Mkwe alipanda rundo lile, akaguna, akarudi nyuma kidogo, akatulia.

Askari walipofika waliwakuta wote hai. Walimtoa Sajini kwanza, kisha Mpishi mwenye pua inayotoka damu. Fundi alibaki kwenye usukani, mguu wake bado unapiga pedeli, unaachia, unapiga. Aliuona ukifanya hivyo na hakuweza kuukataza. Sajini, akiwa tayari kwenye machela, aliomba wamsogeze mlangoni. Aliingiza mkono, akauweka juu ya goti la shemeji yake, akaukandamiza taratibu mpaka mguu ukatulia.

"Nilikusikia pale juu," alimwambia. "Nilikusikia kabisa."

"Najua," alisema Fundi, na akagundua kwamba kweli sasa anajua.

Kesho yake Kapteni wa karakana alikuja zahanati ya kambi, akakaa kwenye stuli, akauliza kama breki zile zifungwe kwenye malori mengine yaliyobaki uani au mpango mzima ufutwe. Fundi alimwambia zifungwe, maana bila zile springi wangekuwa wanatafutwa mtoni. Lakini hakuna dereva wa zamani atakayepewa ufunguo mpaka mguu wake ufundishwe upya, na kazi hiyo ataifanya yeye mwenyewe. Na somo la pili, la nini cha kufanya hewa ikiisha na springi zimefunguliwa, litafundishwa na Sajini. Kapteni alisema Sajini hataendesha tena lori zito, daktari ameshatamka. Fundi akamjibu kwamba kufundisha hakuhitaji pedeli, yeye alifundishwa jana na mtu aliyelala.

Barabara ya bondeni ilipofunguliwa, dada yake alikuja na gari la mkate. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa kitanda, akaingiza mkono chini ya shuka, akaushika mguu mzima. Kisha akaupapasa ule mwingine, polepole juu ya plasta, mpaka akafika kwenye vidole, akavibonyeza kimoja kimoja, na Sajini akamwambia anavihisi vyote. Dada aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alimfunika vizuri, akamrekebishia mto, akamfuta mumewe usoni kwa ncha ya kanga ingawa hapakuwa na kitu cha kufuta.

Ndipo akamgeukia mdogo wake aliyekuwa amesimama dirishani. Alimtazama viganja vilivyofungwa bandeji, alama ya kamba iliyochungulia juu ya kiuno cha suruali, mguu wa kulia ambao hakuweza kuukanyagia sawasawa.

"Wewe," alimwambia. "Umekula?"

Fundi alitaka kujibu. Alitafuta, hakukumbuka mara ya mwisho alipokula, na alipofungua mdomo kusema hivyo, yale yote aliyokuwa ameyabana tangu king'ora kilipolia yakatoka. Dada akamkalisha kwenye kitanda cha pili, akamshika kichwa, na akamwacha alie mpaka alipochoka. Halafu akaenda kumtafutia chakula.